Pengo la Upana wa Kidole

Eksirei niliiinua kwenye mwanga wa mlango
kama ninavyoinua ringi kutafuta ilikopinda.
Daktari Mfinanga akaweka kalamu: hapa.
Kigasha kina mifupa miwili.
Mnene umejikunja kama upinde wa mtoto,
mwembamba umenyooka, mfupi, ni kamba iliyokazwa.
"Huu uliacha kukua. Gegedu la chini lilipondwa.
Mwenzake hakuambiwa.
Akaendelea kukua, akavutwa, akapinda."

Mwaka wa kumi na tisa huu, hapa Buguruni Malapa,
nanyoosha uma za baiskeli.
Unaupasha moto, unaukanyaga, nyundo tatu,
mwenyewe anapanda, huyo, Vingunguti.
Nikamwambia daktari hivyo. Hakucheka.
"Uma haukui," akasema.

Mbwa anaitwa Afande. Jina alimpa binti yangu, Sikujua,
kwa sababu ya masikio.
Mguu wa kushoto ulisimama sawasawa,
wa kulia ukageuka nusu kulia, peke yake,
kama kuruta aliyesikia amri ya gwaride la jirani.

Laki tano na themanini.
Niliuza kompresa; matairi nimerudi kuyajaza kwa mkono.
Bi Mwajabu wa chumba cha pili,
ambaye Afande haruhusiwi hata kuikoholea ndoo yake ya udhu,
aliuliza ni nani kaniroga, na kwa bei gani.

Wakamnyoa, wakamchoma nusu kaputi,
ulimi ukamtoka pembeni kama soli iliyobanduka.
Daktari alinieleza huku akinawa:
atakikata kipande cha ule mwembamba, upana wa kidole,
akitoe kabisa, na pengo aliziba
kwa mafuta ya Afande mwenyewe, ili mfupa usiungane.
Nilidhani sijasikia. Usiungane?
"Ukiungana tumerudi tulikotoka.
Ana miezi sita, bado anakua.
Huu ukimwachia mwenzake, atajinyoosha."

Sasa niseme. Haikuwa bodaboda.
Sikujua ana miaka tisa na anaamini ni bodaboda,
anawazomea wote wanaokata kona ya shule.
Nilikuwa narudisha guta kinyumenyume,
mifuko minane ya saruji, redio masikioni,
nikasikia mlio mdogo, wa breki kavu.
Akainuka. Akajipukuta. Jioni akala.
Hakuna kilichovunjika, nikashukuru, nikanyamaza.
Wiki ya saba mguu ukaanza kusema.

Shingoni nilimvisha ndoo ya rangi niliyoitoboa kitako
asilambe nyuzi. Uani hakuna mlango asiougonga.
Bi Mwajabu humrushia vichwa vya samaki kutoka mbali,
akilenga ndoo. Halengi vibaya.

Kila Jumapili naweka spoku kando ya mguu.
Kwanza vidole viwili vilipita katikati, kisha kimoja,
juzi sarafu ya mia mbili, kwa kujibana.
Mguu utabaki mfupi kidogo, daktari kasema,
na akikimbia ataonekana kama mtu aliyevaa
kandambili mbili za watu tofauti.

Eksirei ya pili Sikujua aliishika mwenyewe, juu ya kichwa,
mwanga wa mlango ukampita usoni na mifupa yote.
"Baba, mbona hapa bado pamekatika?"
"Paliachwa hivyo makusudi."
"Hapaumi?"
"Daktari anasema hapaumi."
Akatazama ule weusi kati ya ncha mbili, muda mrefu,
kisha akauliza:
"Yule wa bodaboda, unadhani alisikia?"

Nilifuta mikono kwa tambara la grisi,
lile lisilofuta kitu.
Uani ndoo ikagonga mlango, ikagonga tena.
Nikavuta kiti cha wateja,
nikamwambia aketi.